Mradi wa ligombo: tulipofikia hadi msimu wa mavuno

Machi

Ruhusa za utafiti wangu wa chuo kuhusu ligombo zimekamilika. Barua ya chuo ilianzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa hapa Iringa, ikashuka wilayani, ikafika kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mwenyekiti wa kijiji. Wanafunzi wenzangu wengi huziona hatua hizi kuwa mzunguko wa mihuri tu. Mimi zimenifaa sana, maana mwenyekiti ndiye anayejua ni nyumba ipi ligombo bado linapigwa, na alinisindikiza mwenyewe hadi mlangoni kwa mzee mpigaji, ambaye sasa namwita babu.

Kwa asiyelijua: ligombo ni ala ya nyuzi ya Wahehe. Mti huchongwa mfano wa kihori, ncha zake hutiwa pengo, na uzi mmoja mrefu hupitishwa kwenda na kurudi juu yake mpaka zipatikane nyuzi kadhaa sambamba. Katika mpangilio wa ala uliotolewa na wataalamu wa muziki Erich von Hornbostel na Curt Sachs mwaka 1914, linaingia kundi la 315, la ala za nyuzi zenye umbo la kihori, pamoja na inanga ya Rwanda na Burundi. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi muziki wa Wahehe alipopita Tanganyika mwaka 1950, kabla hajaanzisha maktaba yake ya muziki wa Afrika mwaka 1954, ambayo leo ipo Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kwa hiyo rekodi za zamani zipo. Swali langu ni jingine: mpigaji anajuaje kwamba ligombo lake limekaa sawa?

Swali hilo lina mwenyewe anayelisubiri. Mwalimu wa shule ya msingi ya jirani anataka klabu ya utamaduni iunde ligombo lake, na ameniomba maelekezo ya kutuni, yaani kukaza na kulegeza nyuzi mpaka sauti zikae sawa. Jibu nitakaloandika kwenye tasnifu lazima lifanye kazi pia mikononi mwa watoto wa darasa la sita.

Aprili

Mvua na bati haviendani na maiki. Tunarekodi asubuhi mapema, kabla mawingu hayajashuka na kabla wazee hawajaelekea kwenye ulanzi, pombe ya mianzi. Naweka rekoda kwenye kilohezi 48 na biti 24, stereo. Saa moja inakula takribani gigabaiti moja, basi kila jioni nahamisha kila kitu sehemu mbili tofauti kabla ya kufuta kadi.

Sauti ya kila uzi naipima kwa Sonic Visualiser, programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London. Naandika matokeo kwa senti, kipimo cha umbali kati ya sauti mbili, si kwa hezi, yaani mitetemo kwa sekunde. Nusu toni moja (hatua ndogo kabisa ya piano) juu ya hezi 220 ni hezi 13 hivi, lakini juu ya 440 ni 26, ilhali sikio linasikia hatua ileile. Mtaalamu wa sauti Alexander Ellis alitatua jambo hili mwaka 1885: oktava nzima ni senti 1200, nusu toni ya piano ni 100. Ni hesabu nyepesi, na bila hiyo nisingeweza kulinganisha uzi mnene na mwembamba.

Mei

Mwezi huu ndio uliolipa.

Vipimo vya kwanza vilionyesha nyuzi zikihamahama kutoka siku hadi siku. Jedwali peke yake lisingeniambia kama ni hali ya hewa, au waya kuchoka, au kama babu mwenyewe hajali. Kumuuliza "umbali kati ya uzi huu na ule uweje?" ni kumpa swali la darasani kwangu. Nikakumbuka kazi ya mtafiti wa muziki Simha Arom kule Jamhuri ya Afrika ya Kati: aliwapa wapiga marimba kinanda cha umeme kinachoweza kurekebishwa, wakachagua wenyewe sauti wanazozikubali. Sina kinanda hicho, ila nina ruhusa ya babu kulegeza nyuzi zake.

Basi yeye anageuka, mimi nalegeza uzi mmoja kidogo, anageuka tena, anapiga, anaurudisha. Napima alipouacha. Tunarudia siku nyingine na uzi mwingine. Picha iliyojitokeza inanifurahisha mpaka leo: kuna uzi ambao kila mara anaurudisha palepale, tofauti ya senti chache tu, na kuna mwingine anaouacha popote ndani ya eneo pana, tena bila kusita. Nilipomchezea rekodi na kumuuliza kuhusu ule asioubadili, alijibu, "Hapo ndipo ninapopumzikia, mjukuu wangu." Nikarudi kusikiliza. Ni kweli, sauti yake ya kuimba hutua kwenye uzi huo mwishoni mwa mistari.

Juni

Nanukuu maneno ya nyimbo kwa programu ya ELAN, ambayo inaniwezesha kuandika maneno chini ya sauti yenyewe. Kihehe ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, na Kihehe changu ni cha salamu na sokoni, kwa hiyo shangazi ndiye anayekaa nami. Nimemwekea jina lake kwenye kila faili aliyofanyia kazi; huo ni utafiti wake pia.

Kuna wimbo mmoja wa ukoo ambao babu aliuimba, kisha akasema, "Huu baki nao hapahapa, usiende nao mjini." Nimeutoa kwenye data. Fomu ya ridhaa aliisaini tangu Machi, lakini ridhaa ni ya kila wimbo, na nitalitetea hilo mbele ya msimamizi wangu yeyote. Nakala pekee iko kwenye flashi ya familia, ile wanayochomeka kwenye redio.

Julai

Mahindi yanavunwa, hakuna mwenye muda wa kukaa na mwanafunzi, na ni haki yao. Naandaa rasimu ya ukurasa mmoja kwa ajili ya mwalimu: anza na uzi wa kupumzikia, uupate kwa sauti ya mwimbaji wenu na si kwa simu, kisha nyingine zifuate. Babu ameomba asomewe kabla haijachapwa. Mwalimu ameshapata gogo la mti laini, linakauka kivulini nyuma ya ofisi.