Daraja la waifai kutoka nyumbani hadi kwenye fremu, Tabata

Steshenari isiyo na intaneti siku hizi ni mashine ya kopi tu. Huyu kaja kuomba ajira serikalini, yule anaomba mkopo wa chuo, mwingine CV yake iko WhatsApp na anataka itoke kwenye karatasi sasa hivi kwa sababu usaili ni mchana huu. Mambo haya hayaendi na bando la simu linalokata mtu akiwa katikati ya fomu. Nyumbani tunayo faiba, na imetulia. Fremu yangu ya steshenari iko ng'ambo ya barabara ya mtaa, kama mita 60 kutoka dirishani kwetu. Kulipia laini ya pili kila mwezi, wakati ile ya nyumbani hatuitumii hata nusu, sikuona sababu yake, nikaamua kuifikisha ile ya nyumbani hadi fremu.

Wengi waliniambia nivute waya. Na kweli, kama nyumba na unakopeleka mtandao viko ndani ya uzio mmoja, vuta waya. Kebo ya mtandao inafika mita 100 bila wasiwasi na hakuna cha hewani kitakachoishinda. Kwangu katikati kuna barabara. Malori ya mchanga na ya maji yanapita kutwa, kwa hiyo waya wa kutundika utang'olewa tu, na kuufukia ni kuchimba njia ya watu. Halafu kuna radi. Kebo ya shaba ikiunganisha nyumba mbili, mshtuko wa umeme unaoingia upande mmoja unaweza kutembea mpaka wa pili na kuunguza vifaa vya kote. Masika ya Dar tunayajua.

Ushauri mwingine ulikuwa kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachorudia mawimbi. Ukikiweka sebuleni ili mtoto aone katuni chumbani, kinafaa. Lakini vingi vya bei nafuu vinasikiliza na kusema kwa redio ileile, hivyo kasi inashuka karibu nusu. Kingine, ukitumia ruta iliyowekwa kupokea waifai kisha kuigawa upya, mara nyingi inaunda mtandao wa pili nyuma ya ule wa kwanza. Kompyuta ya fremu itapata intaneti, sawa, ila printa kubwa ya rangi niliyoiacha nyumbani kwa kuogopa vumbi la barabarani inakuwa shida kuifikia. Mimi nilitaka mtandao mmoja kotekote: nikibonyeza kuchapa nikiwa fremu, karatasi itoke nyumbani.

Hiyo ndiyo kazi ya daraja. Vifaa viwili vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe hewani, na kila kinachopita ni kama kimepita kwenye kebo. Ila si kila ruta ya zamani iliyolala kabatini inaweza. Pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, ya waifai ya kawaida inayosafiri kati ya simu na ruta hubeba anwani tatu, na kifaa kinachopokea kinajisemea chenyewe tu. Mashine zilizo nyuma yake hazionekani. Ili zionekane inahitajika anwani ya nne, na mfumo wa WDS ndio unaoiongeza. Kila kampuni ina namna yake ya kuutekeleza, kwa hiyo vifaa vya makampuni tofauti vinaweza kukataa kuelewana kabisa. Ndiyo maana nilipofika Kariakoo na muuzaji akasema, "Dada, chukua hii moja, ya pili tumia uliyonayo," nilimjibu, "Hapana kaka, nipe mbili pacha." Nikachukua CPE510 mbili za TP-Link, zile nyeupe za kufunga nje, za masafa ya 5 GHz.

Kuchagua 5 GHz nilikusudia. Ukifungua orodha ya waifai kwa simu hapa kwetu, majina yanajaa skrini, na karibu yote yako 2.4 GHz, ambako chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kelele tupu. Masafa ya 5 GHz hayapendi kuta wala nondo, ni kweli, lakini daraja la nje linatakiwa lionane macho kwa macho hata hivyo.

Macho kwa macho palikuwa na mwembe. Majani yana maji ndani, na maji yanameza mawimbi, mvua ikinyesha ndiyo zaidi. Nilikwenda kwa mzee mwenye fremu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, kodi tayari?" Nikamweleza kwamba nataka kufunga bomba fupi kwenye kona ya ukuta wake, juu ya bati, kifaa kipite kando ya mwembe. Akauliza kama kitavutia umeme wa radi, nikamwambia bomba nitalipeleka ardhini kwa waya. Akakubali, na ngazi akaniazima.

Mipangilio yote niliifanya mezani, vifaa viwili vikiwa kando kando, kabla ya kupanda popote. Nasisitiza hili kwa sababu kubofya kompyuta juu ya bati la saa saba mchana ni mateso ya bure. Anwani ya ruta ya nyumbani ni 192.168.1.1 na inabaki hivyo. Kifaa cha nyumbani nikakipa 192.168.1.2, kikae kama kituo cha kurusha. Cha fremu nikakipa 192.168.1.3, kikae kama mpokeaji, WDS ikiwa imewashwa. DHCP, yaani ule ugawaji wa anwani, nikahakikisha imezimwa kwenye vyote viwili. Mgawaji ni ruta ya nyumbani peke yake. Wakigawa wawili, simu moja itapata anwani za huku, nyingine za kule, na utalaumu waifai wakati waifai haina kosa. Chaneli nikaichagua mwenyewe badala ya kuacha ijichagulie, ulinzi WPA2, neno la siri refu, tofauti na lile la waifai ya sebuleni.

Kile kiboksi cha umeme kinachokuja na kifaa kina matundu mawili yanayofanana kabisa. Moja limeandikwa LAN, lingine PoE, na hili la PoE linapeleka volti 24 ndani ya kebo. Soma maandishi kila mara unapochomeka. Ukiingiza kompyuta au ruta kwenye PoE unaweza kuiunguza.

Kuelekeza ndiko kulinifurahisha kuliko yote. Mdogo wangu alikuwa kwenye ngazi upande wa fremu, mimi nyumbani na kompyuta, simu sikioni. Kwanza nilishusha nguvu ya kurusha. Vifaa hivi vimetengenezwa kwa kilomita nyingi, na kwa mita 60 nguvu kamili ni kama kumpigia mtu kipaza sauti sikioni, haelewi kitu. Kipimo cha mawimbi ni namba hasi, na inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyozidi nguvu. "Zungusha kulia kidogo. Sabini na moja. Tena. Sitini na tatu. Tena, taratibu. Hamsini na nne. Umepita, sitini tayari, rudi." "Hapa dada?" "Hapo hapo, kaza skrubu, usiguse tena!" Ikatulia kwenye hasi 54, namba nzuri sana kwa daraja.

Kabla ya kusherehekea, piga ping, yaani ujumbe mfupi wa kupima kama upande wa pili unajibu na kwa haraka gani, kutoka fremu kwenda 192.168.1.1 na uiache iendelee huku ukihudumia watu. Kipimo cha kasi kinaonyesha dakika ile tu. Ping inayoendelea inakuonyesha lori likipita, upepo ukitikisa matawi, chaneli ikivamiwa. Yangu ilikaa kwenye milisekunde chache, na lori halikuigusa kwa sababu daraja liko juu yake.

Ndani ya fremu kebo kutoka kile kiboksi inaingia kwenye swichi ndogo ya mtandao, hapo kompyuta na ruta ya zamani inayotoa waifai ya simu yangu. Kwenye ruta hiyo kebo chomeka tundu la LAN (la mtandao wa ndani), usiweke lile la WAN (la kuingizia intaneti), na DHCP yake izime pia. Umeme ukikatika lazima pande zote mbili ziwe na betri, maana fremu yenye umeme haipati chochote kama ruta ya nyumbani imelala. Vile vibetri vidogo vya ruta vinauzwa, ila hakikisha vinatoa volti inayotakiwa: ruta yangu ni 12, vifaa vya daraja ni 24.

Wateja wanaomba neno la siri kila siku, nami siwapi. Daraja limefanya nyumba na fremu kuwa mtandao mmoja, kwa hiyo anayeingia fremu yuko pia kwenye mtandao wa nyumbani, pamoja na kompyuta ya baba watoto na kamera ya getini. Ule mtandao wa wageni wa ruta za bei nafuu mara nyingi hautenganishi kitu ruta ikitumika namna hii. Mwenye faili anitumie WhatsApp au aje na flashi, nami nitamchapia.