Nyumba isiyokuwa na sauti

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii mnivumilie, nilisema nitaandika kidogo tu nikajikuta nasimulia safari nzima. Somo letu ni Luka 1:39-56, Mariamu anapoenda kumtembelea Elisabeti. Najua mnalijua, huwa tunalisoma karibu na Krismasi halafu tunakimbilia kwenye wimbo wa Mariamu, yale yaliyotangulia tunayapita kama vituo vya basi. Mimi nimekwama mstari wa 40, nina wiki tatu niko hapo hapo. Akaingia nyumba ya Zakaria, akamwamkia Elisabeti.

Akamwamkia. Basi, hakuna kingine alichofanya.

Nianze na huku mjini ninakoishi. Nina miaka 26, naishi peke yangu, chumba kimoja ghorofa ya tatu, huu ni mwaka wa 3. Jirani yangu wa mlango wa pili namjua kwa kikohozi. Siongezi chumvi jamani, najua saa anayotoka kwa mlio wa kufuli lake, najua siku akiwa na hasira kwa jinsi anavyoburuta ndoo, lakini jina lake silijui na uso wake nikikutana nao mbali na pale sidhani kama ningeutambua. Asubuhi nikisikia kufuli nasubiri kwanza ashuke ndio na mimi nitoke, tusije tukagongana kwenye ngazi ikabidi kuongea. Nikishaingia kwenye basi hedifoni masikioni, mpaka kazini. Na sikuja hivi! Nilipofika mjini nilikuwa naamkia kila mtu, nikaja kugundua mtu ukimwamkia usiyemjua anashika pochi yake vizuri. Kidogo kidogo nikajifunza kunyamaza, nikajiambia ndio ukubwa.

Sasa mwaka jana nikapata nafasi ya kwenda kumtembelea mama mdogo, mdogo wake mama yangu, ambaye yuko nje miaka 14. Ameniruhusu kuandika haya ila kaniomba nisitaje anapokaa, kwa hiyo sitaji. Mliowahi kuomba viza mnajua ile shughuli, barua ya mwaliko, taarifa ya benki, barua ya kazini kuonyesha kwamba utarudi, alama za vidole, halafu unakaa kusubiri huku unaota umenyimwa. Dirishani karani akaniuliza unaenda kufanya nini, nikasema naenda kusalimia. Akaniangalia. "Kusalimia tu? Siku 90?" Nikasema ndio, kusalimia tu. Sikujua kama nimesema neno la maana, kwa sababu ukweli ni kwamba kusalimia hakukuwa kwenye mipango yangu kabisa, kwenye simu nilikuwa na orodha ya sehemu 17 za kwenda kupigia picha.

(Mstari wa 56 unasema Mariamu alikaa kadiri ya miezi mitatu. Yaani siku 90 hizo hizo! Hili nililiona baadaye sana, nikacheka.)

Begi lilikuwa la kilo 23, na vitu vyangu mimi sidhani kama vilifika kilo 8, zilizobaki zote mizigo ya watu, kila ndugu ana kifurushi chake na kila kifurushi ni "kidogo tu hakina uzito". Bibi peke yake ndiye hakuleta kitu. Alisema, "Mimi sina mzigo. Nisalimie mwanangu."

Nikafika uwanja wa ndege, nikamwona mama mdogo kwa mbali kavaa sare za kazini, simu nimeishika tayari kurekodi ile kukumbatiana ili niweke stetasi. Nikamwambia, "Mama mdogo shikamoo." Akasimama. Akawa kama hajasikia, mpaka nikadhani labda kelele za watu. Halafu akasema, "Hebu rudia." Nikarudia, shikamoo mama mdogo. "Marahaba mwanangu. Marahaba. Marahaba." Mara tatu, huku machozi yanamtoka na hata hajanigusa bado. Simu nikairudisha mfukoni, niliona aibu na wakati ule sikujua ni aibu ya nini.

Ile wiki ya kwanza nilinuna, nakiri. Baba mdogo anafanya shifti ya usiku, mama mdogo anatoka saa 11 alfajiri, kwa siku wanaonana labda saa moja, na hiyo saa moja wote wamechoka hawana hata neno. Mambo ya nyumba yanaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye friji. Fundi atakuja. Mtoto ana homa nimempa dawa saa 2. Usisahau bili. Wadogo zangu wawili wakirudi shule wanaingia chumbani na mlango unafungwa, Kiswahili wanakisikia lakini wanajibu kwa lugha ya kule, tena neno moja moja. Hakuna wa kunipeleka popote. Saa 9 usiku mimi macho, mwili bado unafuata saa za nyumbani, nimekaa dirishani naangalia taa za barabarani na barabara haina mtu. Nikamwandikia dada yangu, "Hawa watu wamebadilika, nahisi wanaringa." Alinijibu kwamba na yeye alishahisi hivyo zamani. Tukasengenya vizuri tu, watu wawili waliookoka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuwa funguo za nyumba na ratiba ya kuwapeleka na kuwachukua watoto shule. Nikalipokea huku nanung'unika.

Usiku mmoja katika zile saa 9 zangu nikafungua Luka, nikaanza sura ya kwanza mwanzo kabisa kwa sababu usingizi haupo na bando limeisha. Zakaria yuko hekaluni anafukiza uvumba, malaika anamtokea, haamini, anaambiwa atakuwa bubu mpaka hayo yatimie, huo ni mstari wa 20. Anarudi nyumbani hasemi. Kisha mstari wa 24, Elisabeti akachukua mimba, akatawa miezi mitano. Akatawa! Hilo neno siku hizi hatulitumii sana, maana yake ni kukaa ndani bila kuonekana na watu. Nikaweka mistari miwili pamoja nikashtuka. Mume hawezi kusema. Mke amejifungia ndani. Wazee wawili, miezi, na nyumba haina sauti. Majirani nao wanakuja kutajwa mstari wa 58, mtoto akishazaliwa, hapo ndipo wanafika kufurahi pamoja naye. Kabla ya hapo Luka hatuambii aliyeingia mle ndani isipokuwa huyu binti, aliyepanda milima kwa haraka, akafika mlangoni na kuamkia.

Halafu ile karatasi ya friji. Mstari wa 63 Zakaria anaomba kibao ili aandike jina la mtoto. Nikageuka nikaangalia jikoni, friji limejaa karatasi mpaka mlango hauonekani, nikacheka peke yangu gizani kisha nikaacha kucheka. Hawa hawaringi. Hii ni nyumba ya Zakaria.

Elisabeti mwenyewe ndiye anasema, mstari wa 44, kwamba sauti ya kuamkia ilipoingia masikioni mwake ndipo mtoto akaruka kwa shangwe. Hasemi ulipotoa zawadi, hasemi hata uliponieleza habari zako. Na Mariamu habari alikuwa nazo jamani, tena nzito, ana mimba na hajakaa na mume, kama kuna mtu alikuwa na haki ya kuingia mlangoni akaanza na "nina shida" ni yeye. Lakini aliamkia, akanyamaza, akamwacha mwenye nyumba aseme. Elisabeti akasema kwa sauti kuu, mstari wa 42, mwanamke aliyejificha miezi mitano anapaza sauti!

Hapo nikafanya kitu ambacho sikushauri ukifanye usiku. Nikafungua mazungumzo yangu ya WhatsApp na mama mdogo, nikapandisha juu, mwaka huu, mwaka juzi, nyuma zaidi. "Shikamoo mama mdogo, za huko? Samahani nina shida kidogo." "Shikamoo mama mdogo, mzima? Kuna kitu nilikuwa naomba." Ada, simu iliyoibiwa, kodi, mchango wa harusi ya rafiki yangu ambaye yeye hata hamjui. Nilihesabu nikaacha. Mara moja tu, mara moja, nilikuta salamu yenyewe peke yake bila mkia, nadhani nilikuwa nimeboreka Jumapili, na yeye alijibu ndani ya dakika ile ile: "Kuna nini? Bibi mzima?" Salamu ilikuwa imeshageuka kengele ya msiba. Nikaielewa ile aibu ya uwanja wa ndege.

Tangu siku hiyo nikawa naamka saa 10 alfajiri, si kwa utakatifu, usingizi wenyewe ulikuwa umeshakata. Namkuta jikoni, "Shikamoo mama mdogo." "Marahaba mwanangu, umelalaje." Dakika kumi, kumi na tano, yeye amesimama anafunga viatu. Siku za kwanza aliniangalia kama anasubiri ombi. Wiki ya pili akaanza kuongea. Kuna mambo alinieleza pale siwezi kuyaandika, miaka 14 na mama yangu aliyezaliwa naye tumbo moja hayajui.

Jumamosi moja tunasafisha chumba nikavuta begi kuukuu chini ya kitanda, limejaa vitu, mengine bado yana karatasi za dukani. Nikauliza ya nani. Akasema ni ya kurudi nayo, "Mimi nilikuja kwa miaka 2 tu." Kuta za nyumba ile hazina hata picha moja, pazia ni zile zile alizozikuta. Nikakumbuka Yeremia, ile sura ya 28, nabii Hanania anawaambia watu kwamba ndani ya miaka 2 vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi kutoka Babeli, na sura inayofuata Yeremia anawaandikia wale mateka barua kwamba ni miaka 70, kwa hiyo jengeni nyumba mkae, pandeni bustani, ombeeni amani ya mji mlioko. Sisi wote tunampenda Hanania. Mama mdogo amekaa jengo lile miaka 9 na jirani wa mbele hamjui kwa sababu anapita tu, miaka 2 tu. Nikataka kumhubiria pale pale, nikakumbuka chumba changu, kioo bado kimeegemezwa ukutani chini, mwaka wa 3, sijagonga msumari, kwa sababu na mimi huku mjini napita tu.

Sikuhubiri.

Ile methali ya mgeni njoo mwenyeji apone nilikuwa nadhani maana yake ni kwamba siku ya mgeni na mwenyeji naye anafaidi. Sasa sina uhakika kama inaishia hapo. Wadogo zangu walianza kwa kunitania, wakinipita koridoni "shikamoooo" kwa lafudhi yao ya ajabu na vicheko, na mimi naitika kwa heshima zote, marahaba mwanangu, kama bibi. Asubuhi moja baba mdogo karudi kutoka shifti, yule mdogo kabisa amelala kwenye kochi anaangalia simu, akasema bila hata kuinua kichwa, "Shikamoo baba." Baba mdogo ni mtu asiye na maneno. Alisimama mlangoni na viatu vyake na koti, akavua kofia. "Marahaba," akasema, akaenda kulala, na nikaona ameacha ufunguo unaning'inia mlangoni kwa nje.

Nisiwadanganye, salamu haikulipa bili na shifti ziko vile vile mpaka leo. Karatasi za friji bado zipo. Katika sehemu zangu 17 nilifika 4, na picha nzuri niliyonayo ni moja, imetoka na ukungu, ni mama mdogo anafunga viatu.

Nikarudi siku ya 88. Jumatatu yangu ya kwanza mjini nikasikia kufuli la jirani, moyo ukaenda mbio kama naenda kwenye intavyuu, nikafungua mlango wangu wakati huo huo. Ni mama mtu mzima, kumbe, miaka 60 hivi, mimi wakati wote nilikuwa nimemchora kijana. Nikasema, "Shikamoo mama." Akashtuka, akashika mkoba wake, akaniangalia juu mpaka chini. "Kwani maji yamekatika?"

Nikamwambia hapana mama, nimekuamkia tu. Hakujibu, akashuka ngazi. Jumanne tena hakujibu. Jumatano alitikisa kichwa. Alhamisi sikumwona, na Ijumaa pia.

Leo ni Jumamosi, naandika hapa kitandani, kufuli halijalia tangu juzi na kikohozi nakisikia, tena leo kinavuta kuliko siku zote. Wapendwa niishie hapa, mniombee, ngoja nikapige hodi.