Usiku bibi alipopika akiwa amelala kitandani

Ilikuwa Januari 1998, mwezi wa Ramadhani, Tanga pale Ngamiani, na zile mvua za elinino zilikuwa hazijui kukata. Nilikuwa na miaka 10. Bibi mzaa mama ndo aliyenilea, na siku hiyo malaria ilikuwa imemlaza toka asubuhi, kameza klorokwini, mwili unamuwasha anajikuna tu usingizi hana, mjomba yuko zamu bandarini, nyumbani tumebaki mimi na yeye na wadogo zangu wawili washalala.

Saa tano usiku akaniita. "Mume wangu" (bibi zetu huwaita hivyo wajukuu wa kiume), "daku nani anapika?" Nikamwambia bibi we unaumwa, tutakunywa chai na mkate. Akasema mjomba wako anafunga huku anabeba magunia, akirudi saa tisa umpe chai? Kakune nazi.

Nazi nilikuwa najua kukuna, kila mtoto wa pale kashakaa kwenye mbuzi, lakini kupika sikuwahi. Umeme hamna, nina kibatari tu, na mkaa wote umelowa. Nikataka kumwagia mafuta ya taa, sijui alijuaje, labda alisikia mlio wa kidumu, akapaza sauti toka chumbani: "Hapana! Wali utanuka. Angalia uvunguni kwangu." Uvunguni kulikuwa na gunia la vifuu vikavu kumbe anaviweka kwa siku kama hizo. Vifuu vikiwaka vinawaka kweli, nikapanga mkaa juu yake, nikapepea mpaka macho yanatoka machozi, ukashika.

Basi kuanzia hapo bibi akapika kwa mdomo na masikio. Mlango wa chumba chake ulikuwa unatazamana na jiko la uani, ila kwa giza lile hakuwa ananiona. Tui la kwanza, lile kasimele, likamue weka pembeni. Tia maji kwenye chicha ukamue la pili, hilo ndo litangulie motoni na chumvi, na usiache kukoroga litakatika. Nikaacha kidogo nipangushe jasho. "Mbona sisikii mwiko?" Nikarudi kukoroga mbio.

Nikatia mchele, mchele wa Mombo kilo moja, nikapima tui kwa pingili ya kidole kama nilivyomuona akifanya. Nikafunika, kila dakika nafunua. Akasema acha kufunua, sikiza. Sikiza nini bibi? "Sasa hivi linatokota kwa fujo, si unasikia? Likitulia uniambie." Mvua inapiga bati na mimi nimeinamisha sikio karibu na sufuria mpaka nasikia joto shavuni, na kweli ule mtokoto ukaanza kupungua, ukapungua, nikasikia kama mchanga unachujwa. "Bibi limetulia!" Akasema haya, mimina kasimele, geuza taratibu, funika, palia moto juu, punguza wa chini.

Siku hizi napika kwenye shughuli za watu, harusi na maulidi, sufuria la kilo 50 za mchele, na vijana ninaofanya nao wanaona nainamia mfuniko nasikiliza wanauliza vipi, nawaambia nyamazeni kwanza. Kuna sauti ya maji na kuna sauti ya mafuta ya nazi. Maji yakiisha yanabaki mafuta, yanatatarika chini kidogo kidogo, na hapo hapo harufu inabadilika. Mimi hizo sauti mbili nilizitofautisha usiku ule, kwa mara ya kwanza, nimechuchumaa uani kanga ya bibi kichwani nisilowe.

Alinusa kabla sijamwambia. "Epua, mume wangu, umeiva."

Mjomba alirudi kalowa chepechepe, akala sahani mbili na mchuzi wa papa uliobaki, akadhani bibi kapona. Nilipomwambia nimepika mimi akacheka, mtoto wa kiume jikoni, akamgeukia bibi amthibitishie. Bibi hakumjibu. Ukiacha dawa, alikuwa hajatia kitu mdomoni toka futari ya jana yake. Akajiinua taratibu akaegemea ukuta, akaninyooshea mkono, akaniambia nimletee ukoko.