Vileni Viwekwavyo Mbele Yenu

Neno la juma hili: Luka 10:1–9

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Vijana wetu wa Mtwara na Lindi wanapoaga kwenda Ujerumani, wengine kusomea uuguzi, wengine kwa mwaka wa kujitolea, tunawaombea dhidi ya ajali, maradhi na makundi mabaya. Ni mara chache tunawaombea kwa ajili ya sokoni na mezani, na huko ndiko mgeni anakoumia mapema.

Bwana alipowatuma wale sabini hakuanza na mahubiri. Alizungumzia mfuko, viatu, salamu za njiani, nyumba ya kufikia, halafu chakula: "Na mji wowote mtakaouingia, wakiwakaribisha, vileni vyakula viwekwavyo mbele yenu." Kuponya wagonjwa na kuhubiri kunakuja mstari wa tisa. Aliyetumwa kutoa anaanza kwa kupokea. Kwa watu wa kusini hili ni zito, maana tumelelewa kuwa wenyeji. Anayepita mlangoni wakati wa chakula ataambiwa "karibu tule" hata kama ugali wa muhogo umebaki matonge mawili. Kukaribisha tunakuweza. Kukaribishwa kwa namna ambayo hatukuizoea, hilo linahitaji kufundishwa, na afadhali lifundishwe hapa kabla ya safari.

Tuanze na salamu. Bwana aliwaambia wasimwamkie mtu njiani, na kijana aliyezoea kusalimia kila anayepishana naye Mikindani atashangaa kuona barabara nzima ya Berlin imenyamaza. Asidhani anachukiwa. Lakini pia asikosee kunyamaza kila mahali. Akiingia duka dogo la mikate au chumba cha kusubiri daktari, anatakiwa kusema "Guten Tag", yaani habari za mchana, na kusikika. Kwa keshia ni hivyo hivyo. Wengi huona kimya cha barabarani wakakibeba hadi dukani, na huko ndiko wanakohesabiwa kuwa hawana adabu.

Sokoni kwetu bei ni mazungumzo. Fungu la nyanya lina bei ya kwanza, lina bei ya mwisho, kisha lina nyongeza. Kule bei imebandikwa kwenye rafu, kodi ikiwa imo ndani, na keshia hana mamlaka ya kupunguza hata senti moja. Kumwomba ni kumweka pagumu. Kosa linalogharimu zaidi liko kwenye meza ya nyama na jibini: bei inayoonekana mara nyingi ni ya gramu 100. Nyama iliyoandikwa euro 1.99 ni euro 19.90 kwa kilo. Asome maandishi madogo yaliyo chini ya bei kabla hajanyoosha kidole. Nyama ya kusaga iliyoandikwa "gemischt" ni ng'ombe na nguruwe kwa pamoja. Asiyekula nguruwe atafute neno "Rind", ambalo ni ng'ombe.

Toroli la duka kwa kawaida limefungwa kwa mnyororo. Hutumbukizwa sarafu ya euro 1 au senti 50, na sarafu hurudi toroli likirudishwa mahali pake. Kwenye malipo mteja hupanga vitu mwenyewe kwenye mkanda unaotembea, huweka kijiti cha kutenga vitu vyake na vya mwenzake, kisha hupakia mwenyewe na kwa haraka, kwa kuwa keshia hasubiri. Mfuko unauzwa. Hili halitatusumbua sana; mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019 na vikapu tumevirudia. Chupa za plastiki za kutumika mara moja na makopo ya vinywaji yana amana ya senti 25 juu ya bei. Yakiisha hayatupwi wala kukunjwakunjwa, kwa sababu mashine dukani lazima isome alama iliyo ubavuni mwake. Mashine hutoa karatasi, na karatasi hiyo hupelekwa kwa keshia ikawa pesa.

Jumapili maduka ya vyakula yamefungwa. Anayefika Jumamosi usiku bila kitu mkobani atalala njaa siku mbili, isipokuwa apate duka la stesheni kubwa ya treni au la mikate linalofungua kwa saa chache. Mapumziko ya Jumapili yanalindwa na katiba yao: kifungu kiliandikwa mwaka 1919 na kikachukuliwa na katiba ya mwaka 1949. Tunawasikia watu wakisema Ulaya imemsahau Mungu. Huenda wenye makanisa matupu wapo wengi, lakini mji mzima unafunga maduka siku ya Bwana, wakati sisi tukitoka ibadani tunapitia sokoni. Kijana wetu apokee siku hiyo kama zawadi, na anunue mkate wake Jumamosi mchana.

Sasa mezani, ambako Neno letu linatushika hasa.

Nyumba nyingi za Ujerumani hupika chakula cha moto mara moja tu kwa siku, mara nyingi mchana. Jioni huwekwa mkate mgumu mweusi, siagi, jibini, vipande vya nyama baridi, labda tango. Wanaita "Abendbrot", mkate wa jioni. Mtoto wa kusini akiwekewa hivyo usiku wake wa kwanza moyo unamshuka. Anajiuliza kama hakuandaliwa, kama jiko halikuwashwa kwa sababu yake. Ameandaliwa. Hicho ndicho wanachowawekea watoto wao wenyewe, na kuwekewa cha watoto wa nyumba ni heshima kubwa kuliko kupikiwa cha mgeni. Ndicho kilichowekwa mbele yake. Akile.

Atakula kwa kisu mkono wa kulia na uma mkono wa kushoto, na huo mkono wa kushoto utamtetemesha aliyefundishwa tangu utoto kwamba haufiki kinywani. Hakuna jagi la kunawia litakalopitishwa. Anawe maliwatoni kabla ya kukaa. Na wakisema "Guten Appetit" mbele yake, hawajamkaribisha kula nao. Wanatakiana mlo mwema tu, naye ajibu vivyo hivyo.

Mkahawani kuna jeraha moja linalojirudia. Kwetu anayesema "twende tukale" ndiye mlipaji. Kule mwenzako akisema twende, kila mmoja hulipa chake, mpaka atamke wazi "ich lade dich ein", yaani mimi ninakulipia. Mhudumu atauliza "zusammen oder getrennt?", pamoja au mbalimbali. Asiyejua hili hukaa bila pesa mfukoni, akaaibika, akamwona mwenzake mchoyo. Na mwenzake hakufanya choyo. Abebe pesa taslimu pia, kwa sababu migahawa midogo kadhaa haipokei kadi. Bakshishi ni kati ya asilimia 5 na 10, na haiachwi mezani: bili ikiwa euro 13.60, anampa mhudumu noti ya 20 akisema "15", naye hurudisha 5. Maji yanalipiwa, na asipotaja "still" ataletewa yenye gesi. Ya bomba nyumbani ni salama kunywa bila kuchemsha.

Akialikwa nyumbani kwa mtu, saa ni saa. "Halb vier" si saa kumi na nusu. Ni nusu kuelekea saa kumi, yaani saa tisa na nusu alasiri. Akifika saa moja baadaye atakuta chai imepoa na wenyeji wameumia.

Anayetaka kubeba ladha ya nyumbani ajue kwamba nyama na maziwa haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kwenye mizigo ya abiria, na maembe yatachukuliwa uwanja wa ndege yakiwa hayana cheti cha afya ya mimea. Nazi inaruhusiwa bila cheti. Unga wa muhogo na kisamvu kilichogandishwa hupatikana kwenye maduka ya Waafrika katika miji mikubwa. "Polenta" ya duka la kawaida ni mahindi ya chengachenga, ugali wake haushikani vizuri.

Watawa Wabenediktini kutoka Ujerumani waliofungua misheni ya Ndanda mwaka 1906 waliingia kwenye nchi ambayo meza yake hawakuijua, na watu wa hapa ndio waliowaonyesha kinacholiwa. Sasa zamu ya kuonyeshwa ni ya watoto wetu.

Juma hili kila nyumba yenye kijana wa safari iandae jioni moja ya mkate, siagi, yai la kuchemsha na tango, bila chungu motoni, kisu kulia na uma kushoto. Mzee wa nyumba asome Luka 10:8 kabla ya kula. Na kwa walioko tayari kule tuombe saa tatu usiku. Majira yao ya baridi wanakuwa nyuma yetu kwa saa mbili, hivyo kwao itakuwa saa moja jioni, mkate ukikatwa.