Oili ya gari kwenye pikipiki yangu
Msimu wa korosho, nikipandisha Newala kutoka Masasi na abiria mmoja, klachi ilianza kuteleza. Injini inalia, pikipiki haivuti. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimebadilisha oili, na muuzaji aliniambia oili ni oili. Jamani, si kweli! Pikipiki nyingi kama yangu, klachi yake inaoga kwenye oili hiyohiyo ya injini. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Siku hizi natafuta kwanza maandishi JASO MA au MA2 kwenye kopo, yaani alama ya viwango vya Kijapani kwa oili ya pikipiki zenye klachi ya kuoga hivyo, ndipo naulizia bei.

Halafu namba za uzito wa oili zilizoandikwa kwenye kopo. Kwenye 20W-50, W ni ya "winter", Kiingereza cha majira ya baridi: 20 inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa imepoa, 50 ni daraja la uzito wake ikishapata moto, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa joto letu la Mtwara naangalia sana ile ya pili. Ila nzito kupita kiasi nayo huchelewa kupanda juu ya injini asubuhi, na vyuma vinasagana. Kitabu cha pikipiki yangu kimeandika 20W-50, nami nimeshika hapo.