Ijumaa hadi Jumapili Morogoro, kwa saa za oveni

Mke wangu yuko mwaka wa pili wa uzamili Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), ule mwaka wa shamba na tasnifu. Mimi kazi yangu iko Dar es Salaam. Safari hii ilikuwa ya mwisho wa Aprili, mahindi yake yakiwa na wiki sita tangu kupandwa, na mvua za masika zikiwa bado zinapiga karibu kila siku.

Kabla ya kukata tiketi nilimuuliza swali moja tu: sampuli zinaingia oveni saa ngapi? Anayemtembelea mtu wa utafiti huuliza hilo kwanza, kwa sababu saa nyingine zote za wikendi zitajipanga kulizunguka. Mimea iliyokatwa shambani hukaushwa kwa nyuzi 70 za Selsiasi kwa muda wa saa 48, kisha hupimwa uzito. Ukikata Ijumaa jioni, mifuko ya sampuli itatoka Jumapili jioni, wakati mgeni yuko stesheni na mwenyeji yuko maabara. Tukapanga akate Ijumaa saa 3 asubuhi na afunge mlango wa oveni saa 6 mchana. Jumapili saa 6 mchana mizani ingekuwa yetu, na jioni ingebaki kwa kuagana.

Kwa Ijumaa jioni ninachagua treni ya umeme, wala si kwa anasa. Basi la kwenda Morogoro linaanzia kituo cha Magufuli kule Mbezi Luis, na kufika Mbezi kutoka mjini saa za watu kutoka kazini ni safari nyingine kabla ya safari. Ukishatoka hapo kuna Kibaha, Mlandizi, mizani ya Vigwaza, Chalinze, na malori ya nchi tatu nne yakipanda pamoja nawe, huku kila kijiji kikimtaka dereva ashuke hadi kilomita 50 kwa saa. Barabara haifiki hata kilomita 200, lakini saa nne huisha kirahisi, na Ijumaa zaidi. Stesheni ya reli ya kisasa iko jirani na stesheni ya zamani katikati ya jiji, mwendo wa miguu kutoka Kariakoo, na treni hufika Morogoro kwa saa mbili au pungufu. Huduma hiyo ya abiria ilianza Juni 2024, nauli ya treni ya kawaida ikiwa shilingi 13,000.

Kinachomwangusha msafiri hapo ni mambo madogo. Jina kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho. Ukikata kwa jina la utani ulilozoea kwenye simu, unajitafutia maelezo getini. Mizigo hupita kwenye mashine, na Ijumaa foleni yake ni ndefu, hivyo mimi hufika saa moja na nusu kabla. Tiketi ya kurudi Jumapili inunuliwe siku ileile unayonunua ya kwenda, maana Jumapili jioni kila aliyekwenda kwao anarudi mjini kwa wakati mmoja. Na ukae upande wa kushoto. Baada ya Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere, milima ya Uluguru hujitokeza upande huo, na kama bado kuna mwanga utaiona imevaa mawingu kiunoni.

Mzigo wangu ulikuwa hivi: bahasha za khaki 60 za ukubwa wa A4, ndiyo mifuko ya sampuli, penseli sita za HB na kichongeo, buti za mpira, na changu wa kukaanga kutoka soko la samaki la Feri. Samaki huyo anahitaji maelezo. Akaangwe akauke kabisa, apoe wazi kwa saa mbili, kisha afungwe kwenye gazeti na kuwekwa ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko wa kukaza. Ukimfunga angali wa moto, mvuke unageuka maji, ngozi inalainika, na ukifika unamkuta amekuwa wa mchuzi bila mchuzi. Ukimfunga kwenye mfuko wa plastiki peke yake, behewa zima litajua unakwenda kwa nani.

Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, na chuo kiko upande wa pili wa mji, chini ya mlima. Kati yake kuna Msamvu. Bajaji au bodaboda hutosha, ila patana nauli kabla ya kupakia ndoo. Mabweni ya chuo si mahali pa kulaza mume. Mgeni wa kulala hutafutiwa chumba nje, nasi tulichukua gesti upande wa Mafiga, karibu na geti, ili asubuhi tusipoteze muda njiani. Angalia vitu vitatu kabla ya kulipa: neti isiyo na tundu, maji yanayotoka kweli ukifungua bomba (usiridhike kuambiwa yapo), na soketi inayofanya kazi karibu na meza, kwa sababu mtu wa tasnifu haendi popote bila kompyuta. Kwenye daftari la wageni mtaandika majina, kabila, mlikotoka na mnakokwenda, kwa hiyo vitambulisho viwe mkononi. Wiki ya Nane Nane, na siku za mahafali, usije kubahatisha. Vyumba huisha mapema.

Jumamosi saa 1:30 asubuhi tulikuwa shambani. Jaribio lake ni viwango vinne vya mbolea ya naitrojeni kwa aina mbili za mbegu, yaani michanganyiko minane, kila mmoja ukirudiwa mara tatu. Jumla viploti 24, yaani vipande vidogo vya shamba, kila kimoja mita 3 kwa 3, mistari minne ya mimea kumi, nafasi ya sentimita 75 kwa 30. Mistari ya pembeni haipimwi. Mmea wa pembeni hupata jua na nafasi zaidi, na mizizi yake huiba mbolea ya jirani, kwa hiyo unadanganya. Mstari wa pili ndio wenye mimea mitano iliyofungwa utepe mwekundu, na hiyo hiyo hupimwa kila wiki. Mstari wa tatu ni wa kukata sampuli, ukianzia upande mmoja tu. Ukikata huku na huku unaacha mapengo, na walio kando ya pengo hunenepa kwa mwanga ambao hawakustahili.

Kazi ya mgeni ni ukarani, na ndiyo kazi inayoharibiwa kwa urahisi zaidi. Mke wangu anapima, mimi naandika. Kwa Kiswahili kuna mtego mmoja unaomaliza watu: sitini na saba, sabini na sita. Upepo ukivuma kidogo, namba zinabadilishana viti. Tulikubaliana atamke tarakimu moja moja, "sita, saba", nami nirudie kwa sauti kabla ya kuandika. Ukiruka kurudia kwa sababu mmezoeana, jioni mtakuta mmea uliopungua sentimita 9 kwa wiki moja. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu huogelea umande ukidondoka kwenye karatasi, na majani ya mahindi ya asubuhi hukunyunyizia kila ukigeuka.

Urefu hupimwa kutoka usawa wa udongo hadi kwenye shingo ya jani la juu kabisa lililokwisha kufunguka, pale jani linapoungana na bua. Ncha ya jani haifai. Inainama, na kila mtu huinyoosha kwa nguvu zake. Baada ya mvua rula huzama kwenye tope sentimita moja au mbili, kwa hiyo weka kipande cha kigae chini yake na ukitumie hicho hicho kwenye viploti vyote. Macho yawe sawa na alama, maana ukisoma umesimama juu ya mmea unaokufika kiunoni, unaona namba nyingine. Kiploti kimoja kilituchukua dakika sita hivi. Viploti 24, vipimo 120, na saa 4 asubuhi tulikuwa tumemaliza, jua nalo limeanza kuchoma.

Onyo kwa wenye huruma. Ukiona ndani ya moyo wa mhindi, majani machanga yanapochomoza, unga mzito kama maranda ya mbao yaliyolowa, ni kiwavijeshi vamizi, yule aliyeanza kuonekana Tanzania mwaka 2017. Mkono utawasha kumtoa na kumponda. Acha. Ukiponda kwenye viploti vitano na kuwaacha kwenye vingine 19, umeongeza tiba ambayo haimo kwenye mpango, na hakuna hesabu itakayoiondoa. Andika tu kwenye safu ya maoni: namba ya kiploti, mimea mingapi. Dawa itapigwa shamba zima kwa siku moja, kwa kipimo kimoja.

Mchana ni wa kulala, nasema bila aibu. Jioni, mvua ilipokatika, tulikwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu kutafuta ndizi na mboga zilizoshuka Mgeta. Ukiwa na nafasi siku ya kazi, panya buku wa shirika la APOPO wanafundishwa hapo hapo SUA tangu mwaka 2000, kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi, wakilipwa kwa ndizi. Ila ulizia kwanza kama wanapokea wageni siku hiyo.

Kupanda Morningside, ile nyumba ya Wajerumani mlimani, tuliacha. Ni saa mbili hadi tatu za kupanda, na njia ya masika ni sabuni. Tulitembea hadi Rock Garden tu Jumapili asubuhi, tukapishana na akina mama wa Kiluguru wanaoshuka na matenga vichwani wakati mjini watu bado wanapiga mswaki. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na desturi ya zamani ilikuwa mume kuhamia kwa mke. Kwa hiyo mwanamume anayeshuka Kihonda na begi lake hajavunja mila ya mlima huu.

Saa 6 mchana tukafungua oveni. Mifuko 24, kila mmoja na mimea miwili iliyokatwa vipande vya sentimita tano, kwa sababu bua zima hukauka nje na kubaki na maji ndani. Kila bahasha ina matundu ya pini, na imeandikwa kwa penseli nje, na tena kwenye kikaratasi ndani, endapo ya nje itafutika. Bahasha tupu moja hukaushwa pamoja nazo, ili uzito wake utolewe. Usitoe mifuko yote kwa pamoja ukaipanga mezani: Aprili hewa ya Morogoro ina maji, na karatasi iliyokauka kabisa huyanywa ungali unatafuta kalamu. Toa mitano, pima, rudisha, toa mingine.

Sasa, Jumamosi usiku umeme ulikuwa umekatika kwa muda ambao hakuna aliyeandika. Saa 48 zetu hazikuwa 48 tena. Hapo ndipo watu hukosea wakaongeza saa za kukisia. Kipimo ni uzito wenyewe. Unapima, unarudisha kwa saa nne, unapima tena; ukibaki palepale, mmea umekauka, iwe saa zimetimia au hazikutimia. Ukipungua, unaendelea.

Mzunguko wa pili uliangukia saa 10 jioni, nami natakiwa Kihonda mapema. Aliniachia getini kikapu cha ndizi na ndoo ya samaki, sasa imejaa karanga. "Mume wangu, ukifika Ruvu nitakuwa nimemaliza nusu," akasema.

Ujumbe uliingia treni ikiwa kati ya Ngerengere na Ruvu. Kiploti 17: mchana gramu 64.2, jioni 64.2. Kiploti 18: mchana 71.9, jioni 70.3. Kumi na tatu zimekauka, kumi na moja zinarudi ndani hadi asubuhi.