Kuchangia watoto wenye saratani Muhimbili: anzeni na nauli

Kabla ya kuchapisha fulana na mabango, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali uulize wiki hii kinapungua nini. Usishangae ukitajiwa nauli. Saratani ya damu inayowapata watoto zaidi hutibiwa kwa miaka 2 hadi 3, na mama wa Kigoma au Mtwara hurudi kliniki mara kwa mara. Akikosa nauli, dozi hukatika, na ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu zaidi. Ndiyo maana watu 20 wanaotoa elfu 5 kila mwezi wana faida kuliko laki 5 za siku moja.

Michango isikae kwenye simu ya mtu mmoja. Iwekwe kwenye akaunti yenye watia saini wawili. Bili lipeni kwa kontroo namba ya hospitali, risiti mbandike kwenye kundi jina la mtoto likiwa limefichwa. Na picha za watoto, jamani, msizirushe.

Midoli ya manyoya iacheni: hubeba vumbi na vijidudu, na kinga ya mtoto aliye kwenye dawa za saratani iko chini sana.

Kisha kuna damu. Chembe sahani, yaani sehemu ya damu inayosaidia kuzuia kuvuja damu, hukaa kwenye ule mfuko wa rangi ya manjano unaotikiswa taratibu muda wote, na hudumu siku 5 hivi. Watu 30 wakijitolea Jumamosi moja, nyingine huharibika. Pangeni watu 5 kila wiki.